VIDUDU WA TUMBONI: ADUI AU MARAFIKI?

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mimi, kwa heshima zote, naongeza: na kikulindacho ki tumboni mwako. Wanafunzi wenzangu, walimu wetu wapendwa, na wewe mhariri uliyenifuata wiki mbili nzima ukidai makala, naomba mnitegee sikio. Najua wengi wenu mkisoma neno tumbo mnadhani nataka kulalamika juu ya githeri ya saa saba. La hasha! Githeri nitaitetea, na huenda baada ya hapo baadhi yenu mkanisubiri langoni.

Hoja yangu ni hii. Hapa kwetu Homa Bay tunameza dawa za kuua bakteria kama tunavyotafuna njugu, na kwa kufanya hivyo tunawaua askari wetu wenyewe. Anayetaka kubisha asome kwanza, abishe baadaye.

Naanza na aibu yangu mwenyewe ili nisionekane nyani asiyeona kundule. Mwaka jana, nikiwa Kidato cha Pili, tumbo liliniharisha. Sikumwambia mtu. Nilipotoka shuleni nilipitia duka moja (sitalitaja) nikaomba zile kapsuli za rangi mbili, ambazo mwenye duka huzihifadhi katika kopo karibu na peremende. Nikauziwa nne, zimefungwa katika kipande cha gazeti. Hakuniuliza umri wala ninaugua nini. Nami sikuuliza ni dawa gani. Nikameza mbili jioni na mbili asubuhi. Siku ya pili nikapata nafuu, nikajiona daktari bingwa! Siku ya tano kuhara kukarudi, mara hii kukiwa na hasira. Nikarudi dukani nikanunua za aina nyingine. Hivyo hivyo kwa majuma matatu. Nilikonda mpaka sare ikawa kama imeanikwa juu ya kijiti, na mtihani wa Hisabati ukafanyika nikiwa nimejikunyata nyuma ya vyoo.

Mwishowe Baba alinipeleka zahanati. Mhudumu alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Kijana, umechoma shamba zima kwa ajili ya panya mmoja." Hakunipa kapsuli hata moja. Alinipa pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji, akaniambia nirudi kwenye chakula cha nyumbani na niwe na subira. Kule kuhara kwa kwanza, alisema, pengine kungeisha kwenyewe kwa siku mbili tatu kama ningekunywa maji ya kutosha. Nilirudi nyumbani nikiwaza, shamba gani hilo? Na ni nani waliolimwa ndani yake?

Basi nikaanza kuuliza. Nilimsumbua mwalimu wetu wa Biolojia hata akawa akiniona anabadilisha njia.

Kidato cha Tatu tunasoma uainishaji wa viumbe, na tukifika Monera wengi wetu tunaandika mambo mawili matatu juu ya bakteria: hana kiini cha seli, husababisha kipindupindu, husababisha kifua kikuu. Tunakariri, tunapita. Hatuambiwi kwamba kila mmoja wetu hapa darasani amebeba bakteria wapatao trilioni 38. Hesabu hiyo ilifanywa na wanasayansi wa Israeli na Kanada, ikachapishwa 2016. Seli za mwili wako mwenyewe ni kama trilioni 30. Maana yake, ukipiga kura na bakteria wako, utashindwa! Wengi wao wanaishi katika utumbo mpana, na ukiwakusanya wote pamoja uzito wao ni kama gramu 200, sawa na robo kilo ya sukari iliyopunjwa kidogo.

Wanakula nini huko? Wanakula kile ambacho sisi tunashindwa kukisaga. Makapi ya maharagwe, maganda ya mahindi, nyuzinyuzi za osuga na apoth, pumba za mtama. (Haya ndiyo niliyosema kuhusu githeri. Nitegeeni pale langoni, sitaogopa.) Vitu hivyo hupita katika tumbo na utumbo mwembamba bila kuguswa, vikafika chini kwa bakteria, nao huvichachusha. Katika kuchachusha huko wanatoa asidi ndogondogo, na mojawapo huitwa butireti. Hapo ndipo penye siri. Seli zinazofunika ukuta wa utumbo mpana hupata sehemu kubwa ya nguvu zao kutoka kwa butireti hiyo. Ukuta ukishiba, unasimama imara. Ukuta ukikosa chakula, unalegea, na uchafu unapenya upande wa damu.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni la kinga. Kidato cha Pili tulifundishwa kwamba kinga ya mwili ni kazi ya chembe nyeupe za damu. Ni kweli kabisa. Ila kitabu hakikutuambia chembe hizo husomea shule gani. Kumbe sehemu kubwa ya chembe za kinga huishi kandokando ya utumbo, na bakteria ndio walimu wao! Wanasayansi huwalea panya katika vizimba visivyo na kiini hata kimoja, tangu kuzaliwa. Panya hao hawawi na afya kuliko wengine, jinsi mtu angedhani. Kinga yao hudumaa, nayo ni kama askari waliopewa bunduki bila mafunzo. Wakipewa bakteria, kinga inaanza kukua.

Na butireti ile ile inarudi hapa. Mwaka 2013 watafiti wa Japani na wa Marekani walionyesha kwa panya kwamba asidi hizi huongeza chembe fulani za kinga ambazo kazi yake si kupigana bali kutuliza vita. Mimi naziita viranja. Fikirieni darasa bila kiranja: mtu akikohoa tu, viti vinaruka. Kinga bila viranja hushambulia hata chakula, hata ukuta wa utumbo wenyewe. Watu wenye ugonjwa wa Crohn, ambao utumbo wao huvimba na kuchubuka, wameonekana kuwa na upungufu wa bakteria wanaotengeneza butireti. Sisemi upungufu ndio ulioleta ugonjwa. Yawezekana ugonjwa ndio uliowafukuza. Lakini moshi huo hautoki bure.

Kazi nyingine ya bakteria hawa ni ya kukalia nafasi tu. Tofauti na matatu ya Mbita, utumbo uliojaa haukubali abiria wa ziada. Kiini kibaya kikija kinakuta viti vimekaliwa na chakula kimeliwa, kinateremka. Ukimeza antibiotiki unawateremsha abiria wote, wema kwa wabaya, na gari linabaki wazi kwa yeyote atakayewahi. Yupo bakteria aitwaye Clostridioides difficile ambaye hungojea nafasi kama hiyo hasa. Akishika, mgonjwa anaweza kuhara hadi kufa, na wakati mwingine dawa zaidi humwongezea nguvu. Mnajua madaktari wa Uholanzi walifanyaje? Walichukua kinyesi cha mtu mwenye afya, wakakichanganya na maji ya chumvi, wakakipitisha kwa mrija uliotiwa puani hadi kwenye utumbo wa mgonjwa. Msicheke! Kati ya wagonjwa 16 waliotiwa, 13 walipona kwa mara ya kwanza. Kundi lililopewa dawa peke yake lilikuwa na watu 13, wakapona 4. Matokeo hayo yalitolewa 2013.

Madhali tumefika kwenye kinyesi, naomba nikae hapo kidogo, kwani historia yake iko karibu nasi. Kulikuwa na daktari wa upasuaji kutoka Ayalandi, Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kutoka 1946 hadi 1966. Ndiye aliyeeleza ule uvimbe wa taya za watoto ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Baadaye akaingiwa na swali lingine: kwa nini magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza hakuyaona katika hospitali za Uganda? Akaanza, pamoja na wenzake, kupima choo. Naam, kukipima kwa mizani. Walichapisha matokeo 1972. Wanavijiji wa Uganda walikuwa wakitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa kama siku moja na nusu. Wanamaji wa Uingereza walitoa gramu 100 hivi, na chakula kilichukua zaidi ya siku tatu. Burkitt alisema siri ni makapi ya chakula. Hakuzungumza sana juu ya bakteria, kwa sababu vyombo vya kuwajua wote vilikuwa bado. Lakini alikuwa ameshika mkia wa ng'ombe huyu huyu.

Sasa tazama kichekesho. Wazungu wamesoma Burkitt, wanatafuta mkate wenye pumba. Sisi majirani wa Uganda tunaona aibu kula ugali wa mtama mbele ya wageni, tunatafuta unga mweupe uliokobolewa hadi ukawa kama chokaa.

Hebu niwape kisa cha Malawi, maana kinanigusa kama mtoto wa Kijaluo. Kwetu pacha wa kwanza kuzaliwa akiwa mvulana ni Opiyo, anayefuata ni Odongo. Wanalala kitanda kimoja, wanakula sahani moja. Sasa itokeeje Opiyo apatwe na kwashakoo, avimbe miguu na nywele zigeuke rangi, na Odongo abaki mzima? Watafiti waliwafuatilia pacha jozi 317 huko Malawi tangu wakiwa wachanga hadi miaka mitatu, na hali ya mmoja kuugua na mwenzake kubaki mzima ilitokea mara nyingi. Wakachukua bakteria wa tumbo la pacha mgonjwa wakawatia katika panya wasio na bakteria, kisha wakawalisha panya hao chakula cha Kimalawi. Panya wakakonda vibaya. Wale waliotiwa bakteria wa pacha mzima, kwa chakula kile kile, hawakukonda hivyo. Hayo yalichapishwa 2013. Mama zetu wamelaumiwa miaka mingi kwamba hawajui kulisha watoto. Kumbe kuna wakati chakula kimefika tumboni ila wenyeji wa tumbo wamevurugika. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka nje.

Na hapa Kenya je? Kule Kwale, watoto wa miezi sita walipewa uji wa mahindi uliotiwa unga wa vitamini na madini, kwa miezi minne. Baadhi ya unga ulikuwa na madini ya chuma, mwingine haukuwa nayo. Sote tunajua chuma huongeza damu, na watoto wa pwani kama wa ziwani wana upungufu wa damu. Nani angekataa? Lakini matokeo yaliyotolewa 2015 yalionyesha kwamba chuma kile kiliwanenepesha bakteria wabaya wa jamaa ya Escherichia na Shigella, na utumbo wa watoto ukaonyesha dalili za uvimbe. Katika kundi lililopewa chuma kingi, miligramu 12.5 kwa siku, waliohitaji kutibiwa kuhara walikuwa asilimia 27. Wenzao wasiopewa chuma walikuwa asilimia 8. Je, tuache kuwapa watoto chuma? Sivyo! Watafiti hao walirudi tena, wakapunguza chuma na kuongeza aina ya sukari ambayo mtoto haisagi lakini bakteria wazuri wanaipenda. Mwaka 2017 wakaeleza kwamba madhara mengi yalipungua. Mimi nilijifunza hapo kwamba huwezi kumlisha mtoto peke yake. Kila kijiko unachompa, una wageni wengine mezani.

Hata maziwa ya mama yanalijua hilo. Ndani yake mna sukari za aina fulani, nyingi sana, ambazo mtoto mchanga hana uwezo wa kuzisaga hata kidogo. Kwa nini mama atoe jasho kutengeneza chakula ambacho mwanawe hawezi kukila? Kwa sababu si cha mwanawe. Ni cha Bifidobacterium, bakteria ambaye hukaa katika utumbo wa mtoto anayenyonya, huzila sukari hizo na kutoa asidi inayowafukuza wabaya. Mama ananyonyesha watoto wawili, mmoja hamwoni.

Sasa nije nyumbani kabisa. Wengi wenu mmepita mbele ya Hospitali ya Rufaa ya Homa Bay mkienda sokoni bila kujua yaliyofanyika mle. Kuanzia 2016 hadi 2019 watoto 1,400 wa sehemu hizi za magharibi mwa Kenya, waliokuwa wakiruhusiwa kwenda nyumbani kutoka hospitali, ya kwetu na ya Kisii zikiwemo, waliingizwa katika utafiti ulioitwa Toto Bora. Sababu ilikuwa ya kuhuzunisha: watoto wengi hupona, hutoka hospitali, kisha huugua tena na hata kufa katika miezi inayofuata. Nusu yao walipewa antibiotiki iitwayo azithromaisini kwa siku tano, nusu wakapewa dawa bandia, wakafuatiliwa miezi sita. Matokeo yalitolewa 2021. Waliomeza antibiotiki hawakuwa na nafuu iliyo wazi kuliko wasioimeza. Walirudi hospitali na kufa karibu sawasawa.

Someni tena sentensi hiyo. Dawa halisi, kipimo halisi, madaktari halisi, na bado haikusaidia. Je, hizi zetu nne za kufungwa kwa gazeti?

Naona haki initume niseme na upande wa pili. Mwaka 2018 utafiti mwingine mkubwa, uliofanywa Niger, Malawi na Tanzania, ulionyesha kwamba kuwapa watoto wadogo dawa hiyo hiyo mara mbili kwa mwaka kulipunguza vifo, hasa Niger. Na mtu mwenye kifua kikuu, au mtoto mwenye nimonia, au anayehara damu, bila dawa ya kuua bakteria anaweza kufa. Mimi si adui wa dawa. Panga ni zuri pia, lakini hakuna anayelitumia kumkatia mtoto kucha.

Utafiti mwingine uliosajiliwa 2020 umenipa matumaini zaidi. Watafiti wa KEMRI na wa Chuo cha Tiba ya Kitropiki cha Liverpool waliwachukua watoto wachanga 600 wa kaunti yetu hii ya Homa Bay, wasiozidi siku tatu tangu kuzaliwa. Wengine walipewa bakteria wema, wengine bakteria wema pamoja na chakula cha bakteria, wengine hawakupewa kitu, ili ionekane kama utumbo wao utapungukiwa uvimbe. Wazo hilo lilipata nguvu kutoka India. Huko, katika jimbo la Odisha, watoto wachanga zaidi ya 4,500 walishiriki, na matokeo ya 2017 yalisema kwamba waliopewa bakteria na sukari yake kwa juma moja walipungukiwa na maradhi ya damu kuoza na vifo kutoka asilimia 9 hadi 5.4. Kwa hivyo mnaposikia Homa Bay inatajwa ulimwenguni, si omena peke yake!

Nyanya yangu nilipomweleza habari hizi alicheka hadi akashika mbavu. Aliniuliza, "Na mimi uji wangu ninaouacha siku mbili uchachuke, hao unaowasema hawamo?" Wamo, nyanya. Wamo kwenye uji mchachu, wamo kwenye maziwa ya mgando ya kibuyu. Mrusi mmoja, Metchnikoff, aliyepata Tuzo ya Nobel 1908 kwa kazi yake juu ya kinga, naye aliyasifu sana maziwa ya mgando, ingawa alitia chumvi akadhani yatatufanya tusizeeke. Na ng'ambo ya ziwa letu, Mwanza, akina mama wa kundi la Tukwamuane walianza 2004 kutengeneza mtindi wenye bakteria waliochaguliwa, wakisaidiwa na chuo kikuu kimoja cha Kanada, wauzie majirani wao. Hakuna mashine kubwa. Sufuria, moto, maziwa na usafi.

Mwenzangu wa dawati, ambaye hupinga kila kitu hata kengele ya kwenda nyumbani, aliniuliza: "Kama uji mchachu ni dawa, mbona watoto wa zamani walikufa sana?" Swali zuri. Walikufa kwa surua, kwa malaria, kwa maji machafu. Uji hauzuii mbu. Bakteria wema hawatakuokoa ukinywa maji ya ziwa yenye kipindupindu bila kuyachemsha, na asiyenawa mikono asije akaniambia eti analinda bakteria wake. Anayehara anahitaji maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, na kwa watoto madini ya zinki, kama Shirika la Afya Duniani na UNICEF walivyoagiza 2004. Chanjo nazo ziko pale pale. Ninachopinga ni ule mtindo wa tumbo likinguruma tu, mkono uko kwenye kopo la kapsuli. Siku hizi kila kichwa kikiuma ni malaria, kila tumbo likiuma ni taifodi, na kila taifodi ina dawa yake dukani. Na wale jamaa wa kipaza sauti siku ya soko, wauzao chupa ya "kusafisha tumbo lote"? Tumbo si sufuria, mabwana. Halisuguliwi kwa majivu.

Wahadzabe wa Tanzania, wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, walichunguzwa na watafiti, matokeo yakatolewa 2014 na 2017. Wana bakteria wa aina ambazo watu wa miji ya ng'ambo hawana tena. Kuna bakteria wao ambao hufifia msimu mmoja na kurudi msimu mwingine, chakula kinapobadilika. Wanarudi kwa sababu hawajaangamizwa. Mimi baada ya yale majuma matatu sijui ni nani walirudi na ni nani walikwenda moja kwa moja.

Niliyoandika hapo juu ni rahisi kuyasema jaridani. Nyumbani ni vigumu. Nina dada mdogo, ana miezi saba. Majuzi alihara, na Mama akachukua kapsuli ya rangi mbili, akaifungua, akamimina nusu ya unga wake katika kijiko cha uji. Nilimwambia, "Mama, samahani, usimpe." Akaniuliza kama mimi ndiye niliyezaa watoto watano nikawalea hivyo hivyo. Mtoto wa Kiafrika hajibu swali kama hilo. Nilinyamaza. Ila sikuondoka. Nilisimama pale pale mlangoni nimeshika begi langu la shule, nikamwambia polepole yale ya Kwale, na ya Toto Bora, na ya maziwa yake mwenyewe kwamba yana chakula cha mtoto wa pili asiyemwona. Hilo la mwisho lilimfanya anitazame. Alisema, "Nani amekuambia hayo?" Nikamjibu, "Mwalimu wa Biolojia." Akakaa kimya kitambo, kijiko kikiwa mkononi, na mtoto akilia.

Kisha akakiweka kijiko chini, akamfunga mtoto mgongoni kwa leso, na tukaenda zahanati sote watatu. Walimpima, wakamwangalia macho na ngozi ya tumbo, wakauliza kama anahara damu. Hakuwa anahara damu. Tukapewa pakiti za chumvichumvi na vidonge vya zinki vya siku kumi. Dada yangu alikuwa akicheka siku ya tatu.

Nusu ya ile kapsuli bado iko, imefungwa kwa karatasi, juu ya kabati la vyombo. Mama hajaitupa. Kila asubuhi nikichukua kikombe changu cha chai naiona, na yeye ananiona nikiiona.